Rafiki wa Eliana, kwa Kijerumani

Karibu na Leipzig, Ujerumani
17 Januari 1993

Baba mdogo,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo na kwa mama, umwambie ninakula vizuri, ninavaa soksi mbili mbili, na theluji si kama alivyohofia. Haiumi. Inalowesha tu, kisha watu wanaifagia kama makapi.

Kozi ya uuguzi inaendelea. Asubuhi tunafanya kazi wodini, mchana tunakaa darasani kujifunza lugha. Uliniagiza nikuandikie yale ya Kijerumani yasiyoeleweka, ili uyalinganishe na kile kitabu cha sarufi alichokuachia mchungaji wa misheni. Ni mengi. Naanza na moja.

Huku kila kitu ni cha kiume, cha kike, au si chochote. Jua ni la kike. Mwezi ni wa kiume. Meza ni ya kiume, mlango ni wa kike, dirisha si chochote. Nilimwuliza mwalimu kwa nini. Akasema hakuna kwa nini, akaendelea kufuta ubao.

Msichana naye si chochote: das Mädchen. Juzi muuguzi mwenzangu aliniambia, "Kimelala." Nikatazama sakafuni kama kuna kitu kimeanguka. Kumbe alikuwa anamsema msichana wa kitanda cha dirishani, aliyevunjika mguu. Rafiki yangu mmoja hapa kazini ndiye aliyenieleza kwamba kosa si la msichana, ni la mkia wa neno. Ule mkia wa chen ni wa kupunguza, kama sisi tunavyosema kitoto, na neno lolote linaloota mkia huo hupoteza jinsi yake. Hata baba akiitwa kwa mapenzi Väterchen, naye huwa kitu. Kwa hiyo sitakuita hivyo.

Rafiki yangu akaongeza kwamba zamani msichana alirudishiwa ukike wake siku ya ndoa, maana ndipo alipoanza kuitwa Frau, neno ambalo ni la kike bila ubishi.

Nisalimie wote wanaouliza.

Mwanao,
Eliana


Kinampanda
5 Machi 1993

Mwanangu Eliana,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imefunguka pembeni, sijui ni kwa unyevu au kwa udadisi wa mtu. Nilimsomea mama yako Kristina, na majirani waliokuja kuona stempu. Alitaka nirudie palipo na soksi.

Sisi ni wazima. Mvua imetosha na alizeti imesimama vizuri. Tangu biashara iachiwe huru hatungojei tena gari la ushirika. Simeoni, mtoto wa mzee Obadia, ameleta mashine yake mwenyewe ya kukamua, na mngurumo wake unasikika mpaka kanisani wakati wa mahubiri. Mafuta yake ni safi. Simeoni mwenyewe ni kijana safi. Anakusalimu.

Sasa sarufi. Habari ya msichana kuitwa kitu imenikosesha raha. Nilianza kuwacheka Wajerumani, kisha nikakumbuka kwamba sisi tunasema kijana, neno la ngeli ya kiti na kisu. Lakini sikiliza: hatusemi kijana kimekuja. Tunasema kijana amekuja. Neno limevaa nguo ya kitu, lakini sentensi inamtambua kuwa ni mtu. Vivyo hivyo kiongozi na kipofu. Hata kifaranga, ambaye ni chakula cha mwewe, tunasema amekufa. Wajerumani, kwa maelezo yako, wanauheshimu mkia wa neno kuliko mwenye mkia. Nimewaeleza hayo wanafunzi wangu wa jioni. Ndiyo, nina wanafunzi. Tangu nistaafu ualimu nimewakusanya watu wanaotaka lugha, kwa sababu siku hizi wanakuja wageni wa kila aina kununua nta na kutazama mawe, na kila mmoja anakuja na mkalimani wake mwongo.

Ile habari ya ndoa na ukike nimeisoma mara mbili. Huyo rafiki anayejua mambo ya ndoa za zamani ni nani? Hukutaja jina.

Mama yako anasema ule.

Baba yako mdogo,
Naftali


Karibu na Leipzig
22 Aprili 1993

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, tulikuwa na zamu za usiku. Nimefurahi kusikia alizeti imesimama. Mshukuru Simeoni kwa salamu. Theluji imeondoka na watu wametoka nje, wanakaa kwenye viti wakiwa wamefumba macho na kulielekea jua. Nilidhani ni wagonjwa. Ni wazima.

Sasa tufike kwenye vitenzi. Hapo baba ujiandae. Kijerumani huweza kukikata kitenzi vipande viwili, kipande kimoja kikakaa mbele na kingine kikangoja mwisho wa sentensi, kama mgeni aliyesahau mzigo wake. Mwalimu wetu aliandika ubaoni: Er bringt seine Frau. Tukasoma: anamleta mke wake. Tukafurahi. Akaendelea kuandika: Jumapili, baada ya chakula. Tukazidi kufurahi, tukaona ni familia nzuri. Mwishoni akaongeza neno dogo, um. Basi. Kwa neno hilo sentensi nzima imegeuka, na mtu huyo amemuua mke wake. Hakumleta popote. Mwanafunzi mmoja wa Kipolandi alifunga daftari akatoka nje.

Mwanzoni jambo hili lilinitesa wodini. Daktari akianza kusema, mimi nimeshakimbilia dawa, kumbe mwisho wa sentensi palikuwa na neno la kunizuia. Rafiki yangu aliniambia, "Usiondoke mpaka mdomo wake ufunge." Tangu hapo nasimama, nasubiri. Daktari amesema nimekuwa mtulivu.

Jambo la pili ni kuita watu. Wana wewe mbili. Ya heshima ni Sie, na ya ukaribu ni du. Ukimwambia daktari du, wodi nzima inanyamaza. Mimi nawaambia wote kazini Sie, isipokuwa wagonjwa watoto, na rafiki yangu niliyekutajia. Huyo tunaambiana du.

Karatasi imekwisha.

Mwanao,
Eliana


Kinampanda
8 Juni 1993

Mwanangu Eliana,

Marahaba. Karatasi yako ilikuwa na nusu ukurasa mweupe nyuma.

Mama yako alisumbuliwa na goti lakini sasa anatembea. Mavuno ni mazuri. Simeoni alileta dumu la mafuta nyumbani, akakataa hata kukaa. Ana adabu. Amejenga kwa matofali ya kuchoma.

Nimeitazama du katika kitabu changu. Kinasema hutumiwa kwa Mungu, kwa watoto, kwa wanyama wa kufugwa, na kwa watu wa nyumba moja. Nimefikiri sana. Wewe si Mungu. Si mtoto. Hufugwi. Imebaki moja.

Kabla ya hilo, nina malalamiko kwa lugha hiyo, na ningependa uyafikishe kwa mwalimu wako. Kitabu kinasema baba mdogo, baba mkubwa, mjomba na mume wa shangazi wote wanaitwa Onkel. Mjomba wako aliyetoroka na baiskeli ya kwaya ni Onkel. Mimi niliyekulea tangu kaka yangu alipofariki, niliyekutafutia nafasi ya uuguzi, ambaye posa yako haiwezi kupokelewa bila mimi kukaa kwenye kiti, nami ni Onkel. Lugha ya namna hii inawezaje kufanya harusi? Mtu akikuuliza huko mimi ni nani, usiseme Onkel. Sema Vater, yaani baba, kisha ufafanue.

Sasa la rafiki. Kiswahili chetu kina kichaka kimoja: yeye. Yeye ni mwanamke, yeye ni mwanamume, na anayesoma hawezi kujua. Rafiki yako amejificha katika kichaka hicho tangu Januari. Kijerumani hakina kichaka hicho. Kwa hiyo naomba sentensi tatu kwa Kijerumani kuhusu rafiki huyo. Jina uache, naona ni zito kuandikika. Nataka sentensi tu. Majirani hawataelewa, mimi nitaelewa.

Baba yako mdogo,
Naftali


Karibu na Leipzig
19 Julai 1993

Baba mdogo,

Shikamoo. Pole na goti la mama. Asilikunje muda mrefu, na maji ya moto yasizidi.

Mwalimu ameyapokea malalamiko yako. Alisema zamani walikuwa na maneno tofauti, ndugu wa baba na ndugu wa mama, kisha wakayaacha. Nilimwuliza kwa nini. Alianza kufuta ubao.

Hizi hapa sentensi zako:

Die Person, nach der du fragst, arbeitet im Krankenhaus. Sie ist ehrlich. Sie trinkt nicht.

Nimeziangalia mara nyingi na naamini hazina kosa.

Mwanao,
Eliana


Kinampanda
12 Septemba 1993

Mwanangu Eliana,

Marahaba. Kwanza hongera kwa sentensi zako, hasa ile ya kwanza ambayo kitenzi chake cha ndani kimekaa mwisho kama inavyotakiwa. Nimewaandikia ubaoni wanafunzi wa jioni. Mtu ninayemwulizia anafanya kazi hospitali, ni mwaminifu, hanywi pombe. Sie, ambayo hapa si wewe ya heshima bali yeye wa kike, pamoja na die mwanzoni. Moyo wangu umetulia. Mama yako anasema dada huyo akitaka kutembea aje, tutamchinjia kuku.

Kwa kuwa jambo hilo limekuwa wazi, naweza kukuandikia la kwetu. Wageni walikuja kutoka kwa mzee Obadia. Mazungumzo yalifanyika vizuri. Ilionekana kwamba umri umefika na kwamba Simeoni anafaa. Imekubalika kwamba ukimaliza kozi mwaka ujao, ndoa ifuate. Mbuzi alichinjwa. Watu walifurahi.

Najua hili litakufikia ukiwa kazini, hivyo nimeandika kwa ufupi.

Baba yako mdogo,
Naftali


Karibu na Leipzig
20 Oktoba 1993

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua hii usiisome kwa sauti. Ikiwa mama yupo karibu, mwambie ninakula, kisha uende nayo mahali.

Nimeisoma aya yako kama ulivyonifundisha kusoma, kwa kutafuta mtendaji. Wageni walikuja, hao nawajua. Baada ya hapo hakuna mtu. Ilionekana: nani aliona? Imekubalika: nani alikubali? Mbuzi alichinjwa, na hata aliyeshika kisu hayumo. Tunawacheka Wajerumani, lakini lugha yetu nayo ina mlango wake wa nyuma. Tunasema kikombe kimevunjika, na aliyekivunja amekaa pale pale anasubiri chai kwenye kikombe kingine. Baba, mimi sikuwapo siku hiyo. Wewe ulikuwapo?

Simeoni nilimwona akija tangu Machi. Aliingia na salamu, akaja na dumu, halafu akaja na matofali. Mimi sina neno baya juu yake. Ila nilikaa kimya nikingoja uniulize, nawe ukakaa kimya ukingoja nizoee.

Sasa la kwangu. Neno Person ni la kike hata likimsema askari mwenye ndevu. Ndivyo neno lilivyo, kama msichana alivyo kitu. Ukishaanza nalo, sarufi inakulazimisha uendelee na sie mpaka mwisho. Sentensi zangu zote tatu ni za kweli. Lakini nilijua utakachoelewa, na niliziandika ili uelewe hivyo. Nisamehe kwa hilo.

Ni mwanamume. Wala si Mzungu. Anaitwa Antipasi, anatoka Itigi. Ndiyo sababu tunaambiana du mbele ya watu. Ningemwambiaje Sie mtu wa Itigi? Alikuja huku miaka ya themanini kujifunza ufundi wa injini za treni, wakati upande huu ulikuwa nchi nyingine. Kisha nchi hiyo ikaisha. Kiwanda kilifungwa, na cheti chake kina mhuri wa serikali isiyokuwepo. Sasa anatengeneza mitambo ya maji ya moto hapa hospitali. Siku yangu ya kwanza nilipotea chini kwenye vyumba vya mashine, nikasikia mtu analitukana bomba kwa Kiswahili. Nikakaa chini nikalia. Akasema, "Dada, si wewe, ni bomba."

Ni Mgogo, na ni Mkatoliki. Najua yote mawili utayakalia. Ametaka kunioa kwa njia ya watu wazima, yaani aliniuliza, nami nilijibu. Nimekubali. Mimi, Eliana, nimekubali.

Linalonisumbua ni kwamba anaona aibu kurudi nyumbani. Anasema aliondoka na begi jipya na atarudi na begi hilo hilo, limechakaa.

Nangoja.

Mwanao,
Eliana


Karibu na Leipzig
16 Januari 1994

Baba mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kadi ya Krismasi kutoka kwa mama imefika, imeandikwa na mwandiko wa mtu mwingine, na salamu zako hazimo. Nimeisoma mpaka nyuma.

Hospitali imeniuliza kama nitabaki kufanya kazi baada ya kozi kwisha Novemba. Sijajibu. Antipasi naye nimemwambia. Ananiangalia tu kisha anaenda kukaza nati ambazo zimekazwa.

Ikiwa umekasirika, andika kwamba umekasirika. Kwa lugha yoyote.

Eliana


Kinampanda
21 Machi 1994

Mwanangu Eliana,

Marahaba. Nimekasirika.

Nimeona nianze na hilo kwa kuwa uliliomba. Nilikasirika mpaka Krismasi ikapita. Nilichukua sentensi zako tatu nikatafuta uongo ndani yake, ili nijue pa kukushika. Hazina uongo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kisha ikanibidi niwaambie wanafunzi wa jioni kwamba Person ni ya kike kwa kila mtu, na mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa yule dada anayekuja kuchinjiwa kuku?" Nikafunga darasa mapema.

Halafu nikaisoma tena aya niliyokuandikia, kama ulivyoinukuu. Mwanafunzi angeniletea aya ya namna ile ningemrudishia.

Nilikwenda kwa mzee Obadia. Nilimkuta yeye na Simeoni kwenye mashine. Ikazimwa ili tusikilizane.

Nikasema, "Lile jambo la Eliana, mimi ndiye niliyekubali. Yeye hakuulizwa, na aliposikia amekataa."

Mzee Obadia akasema, "Tangu lini wanaulizwa?"

"Tangu huyu."

Akasema, "Mwalimu, mbuzi wangu ulimla."

"Nilimla," nikasema. "Nitamleta wangu."

Simeoni alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akasema taratibu, bila kumtazama baba yake, "Hata mimi sikuulizwa." Kumbe zile salamu alikuwa ananipa mimi, kwa sababu nilimfundisha darasa la tatu, na dumu la mafuta alitumwa. Baba yake akamwambia awashe mashine. Ndiyo ikawa mwisho wa mazungumzo. Tangu siku hiyo mzee Obadia hakai benchi moja na mimi kanisani, na alizeti yetu naipeleka mbali kukamuliwa. Mama yako alinuna, kisha akasema kwa goti lake asingeiweza harusi mwaka huu.

Baada ya hapo nilifanya safari. Sikuandika kwa mtu. Nilipanda lori la vitunguu mpaka Manyoni, na treni mpaka Itigi, nikauliza nyumba ya mama yake Antipasi. Anaitwa Luciana. Ni mjane, anauza asali kwa abiria. Nilimwambia mimi ni baba wa Eliana. Akashtuka, akazunguka nyuma yangu kutazama.

"Peke yako?" akauliza. "Wengine wako wapi?"

"Wengine gani?"

"Wazungu wenzako."

Nikamwambia anitazame vizuri. Akanitazama. Kumbe mwanawe naye aliandika neno moja tu, rafiki, na jina lako mama huyu akaliona la Kizungu. Kwa mwaka mzima amekuwa akijiuliza mkwe wake atakula nini. Akaniuliza kwa tahadhari, "Huyo Eliana, ugali anaujua?"

"Mama, ugali ndio uliomlea. Ni Mnyiramba wa Kinampanda."

Alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kisha akanionyesha kitanda cha sita kwa sita alichokwisha kumchongeshea Mzungu, chenye godoro na chandarua. Nililala mimi.

La Ukatoliki tuliligusa. Alisema watu wa kwao wanasali, nami nikasema hata wa kwetu, tukaliacha hapo mpaka wenyewe mtakapokuwepo. Kabila sikulitaja. Nilikuwa nimekula kwake mara mbili.

Asubuhi, tukingoja treni, aliniambia jambo ambalo ndilo nililoandikia barua hii. Alisema barua zake za kwanza kwa Antipasi zilirudi. Karani wa posta alimwambia nchi ile haipo tena. Akarudi nyumbani akakaa na neno hilo. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma. Mtu anarudije kutoka nchi isiyokuwepo?"

Nikamwambia, "Nchi ndiyo iliyoondoka. Yeye yupo."

"Basi kwa nini harudi?"

Nikasema labda ni begi. Nikamweleza habari ya begi kama ulivyoniandikia. Treni ikaanza kusikika. Kisha akasema, "Mwambie begi nililinunua mimi. Likichakaa ni langu. Alirudishe." Na nilipokuwa ninapanda akanishika kiwiko cha mkono. "Huyo binti yako atamrudisha? Au watabaki wote?"

 Nimefundisha miaka mingi na nimezoea kumjibu mtu hata nisipojua, lakini pale nilipanda treni na swali lake.

Kwa hiyo nauliza mimi, Naftali, kwa niaba ya Luciana na ya mama yako, wala sijifichi popote: mtarudi? Usinipe sarufi.

Baba yako,
Naftali


TELEGRAMU
Posta ya Kiomboi, 14 Aprili 1994

NAFTALI KINAMPANDA KIOMBOI

TUTARUDI

ELIANA


Kinampanda
2 Mei 1994

Mwanangu Eliana,

Telegramu imefika. Karani wa posta hakutaka kuniachia, alidhani maneno mengine yamepotea njiani. Alisema watu wanaotoka Ulaya huandika zaidi. Nilimwambia limekamilika.

Mama yako nilimsomea akiwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua, kisha nikaona anarudisha mabovu pamoja na mazima.

Nilikwenda nayo Itigi mwenyewe, kwa sababu jambo kama hili haifai kulituma. Luciana alikuwa ukingoni mwa reli na chupa zake za asali, treni ya bara ikiwa imesimama. Aliponiona aliacha abiria ananing'iniza pesa dirishani. Nikamwonyesha karatasi.

"Inasemaje?"

"Tutarudi."

"Halafu?"

"Ni hilo tu."

"Neno moja?" Akaichukua, akaigeuza, akatazama nyuma. "Mbona fupi hivi? Kutoka mbali kote kule?"

Nikamweleza kwamba Mjerumani angehitaji maneno kadhaa kusema hivyo, lakini sisi tunaweka vyote ndani ya neno moja, wenye kurudi, wakati wa kurudi na kurudi kwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, kama wanafunzi wangu wanavyosikiliza mvua inapokaribia. Kisha akaweka kidole juu ya herufi za kwanza, ingawa hasomi, ni kwa kuwa nilimwonyesha.

"Hapa ndipo penye wenye kurudi?"

"Hapo."

"Ni wangapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu wawili, kisha ikanibidi niwe mkweli. "Neno halisemi, mama. Linaanzia wawili, linaweza kufika hata watatu."

Akanitazama. Treni ilipiga honi, abiria akapiga kelele kudai asali yake, naye hakugeuka.

"Lisome tena," akasema.

Nikalisoma tena.

Nimerudi salama. Mbuzi wa mzee Obadia nimempeleka; alimpokea, hakunikaribisha kukaa, ila Simeoni alinisindikiza mpaka barabarani akaniomba nimfundishe Kijerumani. Darasa limefunguliwa upya. Nguo za baridi msilete nyingi. Mwambie Antipasi nitamwita mwanangu, yeye aniite apendavyo isipokuwa Onkel.

Swali la Luciana sasa analiuliza na mama yako, kila jioni, na mimi nimechoka kulijibu kwa sarufi. Basi naliandika rasmi: ni wangapi? Jibu kwa lugha yoyote unayotaka.

Baba yako,
Naftali